Nairobi hadi New York: kwa nini umbali ni uleule lakini saa za kwenda na za kurudi hazilingani?

Swali: Mkazi wa Donholm

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na hajawahi kupanda ndege, atasafiri mwezi wa Januari kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK) jijini New York, kumwona dada yangu aliyejifungua huko. Tumemchagulia ndege ya moja kwa moja, isiyotua popote njiani, kwa sababu hatukutaka ahangaike peke yake katika viwanja vya ugenini akitafuta lango la kupandia ndege nyingine. Ninataka kumweleza kwa uhakika atakaa kitini kwa muda gani, na hapo ndipo nilipokwama.

Kwanza ni umbali. Ukurasa mmoja unasema ni 11,840, mwingine unasema 7,355 na wa tatu unasema 6,390, nami sijui ni upi wa kuaminika. Pili ni muda. Tiketi ya kwenda inaonyesha kuondoka saa 23:55 na kufika saa 06:55 asubuhi yake, na mtu akiitazama kwa haraka atadhani ni safari ya saa saba. Ya kurudi, mwishoni mwa Februari, inaonyesha kuondoka saa 13:00 na kufika saa 10:45 siku inayofuata, kana kwamba ni safari ya karibu siku nzima. Hata hivyo nimeambiwa kwamba kwenda ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi. Mimi nilitarajia kinyume chake, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, na ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kuikuta New York ikija kuilaki.

Tatu, mama hunywa dawa ya shinikizo la damu saa moja asubuhi na saa moja jioni, na angependa kujua saa hizo zitamkuta wapi. Nitashukuru kwa maelezo ya mtu anayeyafahamu mambo haya vizuri.

Jibu la 1: Mwalimu wa Jiografia, Kasarani

Ndugu yangu, hongera kwa kupata mpwa. Tarakimu zote tatu ni sahihi, kwa sababu ni umbali mmoja uliopimwa kwa vipimo vitatu. Kilomita ni 11,840 hivi, maili za nchi kavu ni 7,355, na maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, ni takriban 6,390. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukikuta kurasa zinatofautiana kwa kilomita chache au hata makumi kadhaa, usihangaike, kwa maana baadhi hupima kutoka katikati ya mji badala ya uwanja wa ndege, na baadhi huichukulia dunia kuwa tufe kamili ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni mahali ambapo kilomita hizo zinapita, kwa kuwa hapa ndipo ramani ya ukutani inapowapotosha watu wengi, wakiwemo wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Ukichukua rula na kuunganisha Nairobi na New York kwenye ramani bapa, mstari utapita juu ya kaskazini mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Nijeria, kisha uivuke Atlantiki kwa mshazari kutoka pwani ya Mauritania. Mstari huo unaonekana umenyooka, lakini si njia fupi. Chukua tufe la darasani, ushike uzi kwa kidole kimoja juu ya Nairobi na kingine juu ya New York, kisha uukaze mpaka usiwe na ulegevu wowote, nawe utaona kwamba uzi unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Mlima Elgon, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Sudan, Chad, Niger na jangwa la Sahara upande wa Aljeria, kisha unatoka Afrika kupitia Moroko, si mbali na mji wa Marrakech.

Hadi kufika pwani hiyo ya Moroko, ndege itakuwa imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 6,000. Hii ina maana kwamba katika safari ambayo sote tunaiita ya kuvuka bahari, zaidi ya nusu ni kulivuka bara letu wenyewe, na bahari huchukua kilomita zipatazo 5,700 tu zilizobaki. Nakuomba umweleze mama jambo hili, kwa sababu atakuwa na ramani kwenye kioo kilicho mbele ya kiti chake, naye asije akashtuka kuona kwamba saa saba zimepita na bado yuko juu ya mchanga wa Afrika.

Baada ya Moroko uzi unapita juu ya visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno, unaendelea kupanda hadi kama nyuzi 42 za latitudo kaskazini, ambako ni juu zaidi ya New York yenyewe iliyo kwenye nyuzi 40.6, halafu unateremka kuelekea kusini-magharibi. Ndiyo maana ndege itokayo huku kwetu Ikweta inaweza kuikaribia New York ikitokea upande wa kaskazini-mashariki.

Hiyo ni njia ya uzi. Njia halisi hubadilika kila siku kufuatana na hali ya hewa na ruhusa za anga, na anga la Sudan, kwa mfano, lilifungwa vita vilipozuka mwezi wa Aprili 2023. Kila mzunguko wa namna hiyo huongeza kilomita ambazo hazimo katika hesabu ya 11,840.

Jibu la 2: Mstaafu wa Anga

Nilifanya kazi ya kupanga safari za ndege kabla ya kustaafu, kwa hiyo niruhusuni nilijibu swali la muda.

Nianze na mzunguko wa dunia, kwa sababu ni dhana niliyoisikia mara nyingi hata kwa watu wasomi. Hewa inayoizunguka dunia huzunguka pamoja nayo. Ndege ikiwa imesimama pale Embakasi, uliko uwanja wa Jomo Kenyatta, tayari inakwenda mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa pamoja na ardhi, na inapopaa haiipotezi kasi hiyo. Ni sawa na abiria aliyeketi ndani ya basi liendalo kasi kwenye barabara kuu ya Mombasa akirusha sarafu juu: sarafu humrudia mkononi, haiangukii viti vya nyuma. Kwa hiyo New York haiji kumlaki mtu yeyote.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Katika latitudo za kati za kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambamo ndege za abiria husafiri, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi huzidi kilomita 100 kwa saa, na katika majira ya baridi ya kaskazini, yaani Desemba hadi Februari, kiini chake kinaweza kupita hata kilomita 300 kwa saa. Mikondo hiyo hutokana na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya kaskazini, na mzunguko wa dunia ndio unaoipinda ielekee mashariki. Basi ndugu yetu hakukosea kuutaja mzunguko huo, ila kazi yake hupitia kwenye upepo, na matokeo yake ni kinyume cha alivyotarajia.

Sasa tufanye hesabu. Ndege ya aina ya Boeing 787, ambayo ndiyo Kenya Airways iliyoitumia kufungua safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Pasipo upepo wowote, kilomita 11,840 zingechukua saa 13 na dakika chache. Akipata upepo wa mbisho wa wastani wa kilomita 50 kwa saa katika njia nzima, rubani atabaki na mwendo wa 850 juu ya ardhi, na muda utakuwa karibu saa 14. Upepo huohuo ukimsukuma kutoka nyuma wakati wa kurudi, mwendo utakuwa 950 na muda utapungua hadi saa 12 na nusu hivi. Nimesema wastani kwa makusudi, kwa sababu kutoka Nairobi hadi kusini mwa Sahara pepo za juu si kali sana. Mapambano yenyewe huanzia kaskazini mwa Afrika na kuendelea juu ya Atlantiki.

Kwa kila safari ongezeni dakika za kupaa na kushuka, ambazo mwendo wake ni mdogo, kilomita za mizunguko alizozieleza Mwalimu, na muda wa ndege kutembea ardhini, kwa kuwa saa za tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa langoni. Pale JFK foleni ya ndege zinazosubiri kuruka inaweza kuwa ndefu, na mashirika hulijua hilo na kuliweka kwenye ratiba. Kwa jumla hiyo mtaona kwamba saa 15 za kwenda na karibu saa 14 za kurudi hazina muujiza wowote.

Niongeze jambo moja linalohusu mji wetu, kwa kuwa sioni likitajwa inavyostahili. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu kidogo ya kuinua na huipunguzia injini msukumo, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Tuna barabara ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, na bado uzito hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kuondoka usiku husaidia, kwani hewa ya baridi ni nzito zaidi. JFK iko mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo ndege ya kurudi haina shida hiyo, na pia inasukumwa na upepo. Safari ya kwenda ndiyo ngumu kwa kila namna, na ninawaheshimu sana wale wanaoipanga kila siku.

Jibu la 3: Binti wa Likoni

Mimi ningemshauri kaka yetu afikirie kuigawa safari. Saa 15 katika kiti kimoja kwa mzee wa zaidi ya miaka sabini ni nyingi mno, na kupitia Amsterdam au Doha kunampa nafasi ya kunyoosha miguu na kupumua hewa tofauti. Mashirika mengi hutoa huduma ya kiti cha magurudumu ukiomba mapema, na mhudumu humpeleka msafiri hadi kwenye lango linalofuata.

Jibu la 4: Mstaafu wa Anga

Dada wa Likoni ametoa hoja nzuri, lakini njia hizo mbili hazifanani. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi JFK ni kama 5,850, jumla 12,530. Hiyo imezidi njia fupi kwa kilomita 700 tu, ambazo ni chini ya saa moja ya kuruka. Doha ni habari nyingine: kilomita 3,350 kuelekea kaskazini-mashariki, halafu karibu 10,770 kurudi magharibi, jumla zaidi ya 14,100. Hapo mama ataongeza zaidi ya kilomita 2,200, na kipande cha pili peke yake kitakuwa karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja, kikiwa dhidi ya upepo uleule. Kwa hiyo kupitia Doha hakumpunguzii kukaa.

Kwa maoni yangu, ikiwa ni lazima kugawa, basi agawe kupitia Ulaya, ambako kuna vipande viwili vinavyokaribiana kwa urefu. Lakini hesabuni pia muda wa kusubiri kati ya ndege mbili, ambao ukiwa saa nne au tano huifanya safari ya langoni hadi langoni kufikia saa 20. Kwa mtu anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, mimi ningebaki na ndege ya moja kwa moja.

Mkazi wa Donholm

Nawashukuru nyote kwa dhati. Tumekubaliana nyumbani kwamba mama atakwenda moja kwa moja. Maelezo ya Mwalimu nimemsomea, naye amefurahi kusikia kwamba atapita karibu na Mlima Elgon, ingawa itakuwa usiku na hatauona.

Limezuka jambo jipya. Dada anaomba mama akae hadi Aprili badala ya kurudi Februari, na nilipotazama ratiba ya Aprili nimeona kwamba ndege ileile ya saa 13:00 inafika Nairobi saa 09:45 badala ya 10:45. Je, upepo wa Aprili ndio unaoifanya ndege iwahi kwa saa nzima? Na je, hesabu ya dawa itakuwaje?

Jibu la 5: Muuguzi wa Embakasi

Ndugu, huo si upepo, ni saa za ukutani. Marekani husogeza saa zake mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na sisi hatubadilishi chochote. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, na kuanzia Machi huwa nyuma kwa saa 7. Mwezi wa Februari, kuanzia saa 13:00 hadi saa 10:45 ya kesho yake ni saa 21 na dakika 45. Ukiondoa 8 unapata saa 13 na dakika 45. Mwezi wa Aprili, kuanzia 13:00 hadi 09:45 ni saa 20 na dakika 45, na ukiondoa 7 unapata saa 13 na dakika 45 zilezile. Kwa safari ya kwenda unaongeza badala ya kuondoa: kuanzia 23:55 hadi 06:55 ni saa 7, jumlisha 8, nazo ni saa 15 kamili. Njia iliyo salama zaidi ni kubadilisha nyakati zote mbili ziwe za Nairobi kabla ya kutoa hesabu yoyote.

Hapohapo niwaombe muwe waangalifu na tarehe. Ndege ya saa 23:55, yaani saa tano na dakika 55 usiku, bado ni ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Shirika likiisogeza mbele kidogo ikawa saa 00:30, tarehe hubadilika, lakini mama atatakiwa kuwa uwanjani jioni ileile. Nimewaona wasafiri waliofika wakiwa wamechelewa kwa siku nzima kwa sababu ya nusu saa hiyo. Awe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na mtenge muda wa ukaguzi wa kwanza uliopo kabla hamjafika kwenye jengo lenyewe.

Kuhusu dawa, mama asiibadilishe saa yake ya mkononi. Akiondoka saa 23:55, saa moja asubuhi ya Nairobi itamkuta angani, baada ya saa saba hivi za safari, pengine kwenye mchanga ule alioutaja Mwalimu. Hapo atameza kidonge cha kwanza, kwa hiyo dawa zote zikae kwenye mkoba wake wa mkononi na zisiwe kwenye sanduku linalokwenda chini. Atatua saa 06:55 ya New York, wakati huku ni saa tisa kasoro dakika tano mchana, na kidonge cha jioni kitafika saa tano asubuhi ya huko. Kama aendelee hivyo au ahamie polepole kwenye saa za New York, hilo mwachieni daktari wake, na mwendeeni kabla ya safari mkiwa na saa hizi zimeandikwa kwenye karatasi. Muulizeni pia kuhusu damu kuganda miguuni, kwa sababu hatari yake huongezeka katika safari yoyote ya kukaa kwa zaidi ya saa nne, na umri huichangia. Mwombeeni kiti cha pembeni mwa njia ili aweze kusimama bila kuomba ruhusa kwa jirani, anyooshe vifundo vya miguu kila baada ya muda, na anywe maji.

Kwa safari ya Aprili, ikiwa bado anafuata saa za Nairobi, kidonge cha jioni ambacho wakati wa baridi alikimeza saa tano asubuhi ya huko kitakuwa kimehamia saa sita mchana, saa moja kabla ya ndege kuondoka, wakati ambapo huenda yuko kwenye foleni ya kuingia. Akimeze langoni kabla foleni haijaanza. Cha asubuhi kitamkuta baada ya saa 11 za kuruka, zikiwa zimebaki saa mbili na dakika 45 afike Embakasi.

Mkazi wa Donholm

Nimeyaandika yote kwenye karatasi moja, saa za Nairobi upande wa kushoto na za New York upande wa kulia. Tutamwona daktari Jumatatu.